Namna ya Kuunda Mtambo wa Kupokeza Sauti kwa Redio Zilizotupwa



Mtu atokaye Mji Mkongwe wa Unguja akashika njia ya kusini, baada ya mwendo wa kilomita 20 hivi hufika Fumba, mahali ambapo nchi yakwisha na bahari imeizunguka pande tatu. Magharibi uko mkondo wa bahari unaokitenga kisiwa na bara. Mashariki na kusini iko Ghuba ya Menai na visiwa vyake, Kwale, Pungume na vinginevyo, ambayo tangu mwaka 1997 imekuwa eneo la hifadhi ya bahari. Wenyeji wengi wa huko ni wavuvi, na ardhi yao ni ya mawe ya matumbawe, makavu na yaliyochongoka. Hapo Ras Fumba ndipo zinapotoka majini nyaya za umeme zinazopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni huko bara. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980, na wa pili ukaanza kazi mwaka 2013.

Nimeanza na nyaya hizo kwa makusudi. Mwezi wa Mei mwaka 2008 umeme wa Unguja ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani muda wa majuma manne. Mwezi wa Disemba mwaka 2009 ukakatika tena, na mara hii giza lilidumu miezi mitatu hivi, hata Machi 2010. Waliokuwako wanakumbuka taabu ya maji, kwa sababu pampu hazikuwa na umeme wa kuziendesha, na wanakumbuka mngurumo wa mashine za dizeli madukani, na namna mtu alivyotafuta mahali pa kuchaji simu yake kama atafutaye moto wa kukokea jiko. Simu ya mkononi ni chombo chema, wala sina neno juu yake. Lakini simu haifiki mbali kwa nguvu zake yenyewe. Husema na mnara ulio karibu, na mnara ule huishi kwa umeme, na umeme ukikosekana huishi kwa betri na dizeli, navyo vina kikomo.

Tena tarehe 18 Julai mwaka 2012 meli ya Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kuja Unguja, ilipinduka katika bahari iliyochafuka, karibu na kisiwa cha Chumbe. Chumbe ni mwendo wa kilomita 12 hivi tu kutoka Fumba. Watu zaidi ya 100 walifariki au hawakuonekana tena. Sisemi kwamba chombo nitakachokieleza kingaliwaokoa. Kusema hivyo ni kuwacheza shere waliofiwa. Nasema tu kwamba watu wakaao kisiwani, ambao kila siku wamo baharini, wana haja ya njia zaidi ya moja ya kupeleka neno, na kwamba mojawapo ya njia hizo inaweza kuundwa na mafundi wachache kwa vyombo ambavyo wengine wamevitupa.

Chombo chenyewe ni mtambo wa kupokeza sauti, ambao mafundi wa redio huuita ripita. Na mafundi ninaowasema si wa serikali wala wa kampuni, bali ni watu wa redio ya ridhaa, yaani wale waliofanya mtihani, wakapewa leseni, nao husemezana hewani kwa kupenda elimu ile, bila ya ujira.

Sasa fikirini jambo hili. Watu wawili wamo shambani, mmoja huku na mwingine kule, na katikati pana miti mingi na mwinuko wa ardhi. Wanaitana, hawasikilizani. Lakini juu ya mnazi mrefu ulio katikati yupo mkwezi. Yule wa huku humwambia mkwezi, na mkwezi hupaza sauti kumwambia yule wa kule. Mtambo wa kupokeza ni mkwezi wa namna hiyo. Umekaa mahali pa juu, husikia sauti dhaifu ya redio ndogo ya mkononi, na kuitoa tena kwa nguvu ili wote walio chini wasikie.

Lakini iko tofauti moja, na taabu yote ya kazi hii imo ndani yake. Mkwezi wa kweli husikiliza kwanza, kisha hunena. Mtambo wetu hausubiri. Wakati ule ule unaosikiliza mnong'ono wa mtu aliye mbali, wenyewe unapiga ukelele kwa kinywa kilicho karibu na sikio lake. Nani awezaye kusikia mnong'ono huku anapiga ukelele? Neno hili nitalirudia, maana ndipo wengi walipopoteza fedha zao.

Kwanza tuone kwa nini mahali pa juu panatakiwa. Mawimbi ya redio ya namna hii huenda moja kwa moja kama nuru ya mnara wa taa, na dunia ni mviringo. Basi upeo wa macho ukifika, mawimbi nayo hupita juu na kupotea. Iko hesabu nyepesi ambayo kila mwanafunzi aweza kuifanya. Chukua kimo cha eriali kutoka usawa wa bahari, kwa mita. Tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe itatoa kimo hicho. Kisha izidishe kwa 4.12. Jawabu ni kilomita ambazo mawimbi yatakwenda kabla ya kuachana na uso wa dunia.

Mvuvi aliyeketi ndani ya ngalawa, redio yake iko mita 1 juu ya maji. Moja mara moja ni moja, basi upeo wake ni kilomita 4 na kidogo. Ngalawa mbili zitasikilizana zikiwa umbali wa kilomita 8 hivi, si zaidi. Sasa tuseme tumesimamisha mlingoti wa mita 16 mahali palipo mita 9 juu ya bahari, jumla mita 25. Tano mara tano ni 25. Tano mara 4.12 ni kilomita 20 na nusu. Ongeza zile 4 za mvuvi, utapata karibu kilomita 25. Maana yake, ngalawa iliyo kilomita 24 upande wa magharibi na nyingine iliyo kilomita 24 upande wa kusini, ambazo zenyewe kwa zenyewe hazingesikilizana kabisa, zitazungumza kama watu waliokaa baraza moja. Kizimkazi iko ukingoni mwa duara hiyo. Mji Mkongwe umo ndani yake, ila njia ya huko ni ya nchi kavu, na minazi na majumba hunywa mawimbi, kwa hiyo mtu wa mjini apande juu ya dari akitaka kusikika vema.

Mtu wa mjini atauliza, kwa nini mtambo uwekwe Fumba, na kule Masingini kilima kina zaidi ya mita 100? Swali hili ni la haki. Ukifanya hesabu ile ile kwa mita 100 utapata kilomita 41, na kwa kisiwa kizima Masingini ni bora, sitaki kuwadanganya. Lakini kutoka Masingini hata maji ya Kizimkazi ni zaidi ya kilomita 40, na katikati ni nchi kavu. Kwa watu wa Ghuba ya Menai na wa mkondo wa Chumbe, mlingoti mfupi uliosimama mbele ya bahari yao wafaa kuliko mrefu ulio nyuma ya miti. Hesabu hizi nazo ni za hewa tulivu; siku nyingine mawimbi huvuka mbali zaidi, hata bara, na siku nyingine mvua na mawimbi ya bahari huyapunguza.

Sasa niseme juu ya vyombo vilivyotupwa. Desturi hii ilianza zamani. Katika miaka ya 1960 huko Marekani, serikali iliamuru redio za magari ya polisi na teksi zitumie njia nyembamba zaidi hewani, ili watumiaji wengi wapate nafasi. Redio za zamani zikawa hazifai kwa kazi hiyo, zikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Watu wa ridhaa wakazinunua, wakazigeuza, wakaweka mitambo ya kupokeza juu ya milima na maghorofa. Jambo kama hilo likatokea tena nchini humo tarehe 1 Januari mwaka 2013, njia zilipopunguzwa upana kwa nusu nyingine. Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki haikuhitajika amri yoyote: simu za mkononi zilipoenea, kampuni nyingi za teksi, za mizigo na za watalii ziliziacha redio za magari yao, na hata leo utaziona zimekaa stoo chini ya vumbi.

Redio ya gari ya namna hiyo ni chombo imara. Mathalan ile iitwayo Motorola GM300, ambayo ilipata kuenea duniani kote. Kisanduku chake ni cha chuma, nyuma yake pana mapezi ya kupozea, na pana soketi ya pini 16 ambayo kwayo fundi huweza kuchukua sauti iliyopokewa na kutia sauti ya kupelekwa bila ya kufungua kisanduku. Zichukuliwe mbili: moja iwe sikio, moja iwe kinywa. Na kama ikipatikana ya tatu ya akiba, vema zaidi.

Anunuaye aangalie mambo mawili. La kwanza, redio hizi hutengenezwa kwa masafa mbalimbali, nayo yameandikwa katika kibao kilicho nyuma yake kwa namba za siri za kiwanda. Watu wa ridhaa katika sehemu yetu ya dunia wana ruhusa kati ya megahezi 144 na 146, na tena kati ya 430 na 440. Redio isiyofika huko usiinunue hata ukipewa kwa bei ya muhogo. La pili, redio ya zamani hupangwa njia zake kwa kompyuta ya zamani. Programu ya GM300 iliandikwa kwa kompyuta za enzi ya DOS, na kompyuta mpya yenye mbio huikataa. Huenda basi ukalazimika kutafuta kompyuta nzee kuliko wanafunzi wanaonisikiliza. Nayo ukiipata usimpe mtu.

Turudi kwa mkwezi na ukelele wake. Sauti inayotoka katika mtambo wetu tuseme ni wati 10, nguvu ya taa ndogo. Sauti dhaifu ambayo sikio la redio nzuri huweza kuipokea ni ndogo kuliko hiyo mara 10,000,000,000,000,000, yaani 1 na sifuri 16 nyuma yake. Hata kama kinywa na sikio vinatumia masafa mbalimbali, ukelele ule mkubwa huliziba sikio, na mtambo unakuwa kiziwi kila unaponena. Mtu aliye mbali husikika kwa nukta moja, kisha anakatwa, kisha anasikika tena, kama mtu anayezama na kuibuka.

Dawa yake ni mitungi ya kuchuja, ambayo jina lake la kifundi ni dupleksa. Ni mitungi ya shaba nyekundu au ya shaba ya manjano, iliyofungwa pande zote, na ndani ya kila mmoja pamesimama mwanzi wa chuma wenye urefu wa robo ya wimbi. Mtungi uliopimwa vema hufungua mlango kwa masafa mamoja na kuufunga kwa mengine. Mitungi ya upande wa sikio huufungia nje ukelele. Mitungi ya upande wa kinywa huyasafisha makelele ya pembeni yasiingie katika njia ya sikio. Kwa hivyo eriali moja hutumika kwa kazi zote mbili.

Na hapa ndipo penye hesabu ya fedha. Katika megahezi 145, desturi ni kwamba njia ya kuingilia na njia ya kutokea zinapishana kwa kilohezi 600 tu. Hayo ni masafa yaliyokaribiana kama nyumba za Mji Mkongwe, dirisha kwa dirisha. Kuyatenga kunataka mitungi mikubwa, kwa kawaida 4 au 6, kila mmoja una kimo cha zaidi ya nusu mita, kwa maana robo ya wimbi hapo ni sentimita 52 hivi. Mitungi ya namna hiyo ikiwa mipya, bei yake hupita bei ya redio zote mbili mara nyingi. Viko visanduku vidogo vya bei nafuu vinavyoitwa dupleksa za magari, na muuzaji atakuapia kwamba vyafaa. Havifai kwa kilohezi 600. Vilitengenezwa kwa masafa yaliyoachana megahezi kadhaa. Wako waliojaribu kutumia eriali mbili, moja juu na moja chini katika mlingoti mmoja. Kutengana huko kwasaidia, lakini peke yake hakutoshi.

Kwa hiyo shauri langu kwa watu wenye mfuko mwepesi ni kwenda juu, katika megahezi 430 hadi 440. Huko njia mbili zaweza kuachana kwa megahezi 5 au zaidi, wakubwa wa masafa wakiridhia, na kile kisanduku kidogo cha gari kikafanya kazi yake sawasawa. Robo ya wimbi huko ni sentimita 17 tu, hata fundi mwenye subira aweza kuunda mitungi yake kwa mabomba ya maji ya shaba. Najua wako watakaonipinga, kwa kuwa mawimbi ya 435 hunywewa zaidi na majani mabichi kuliko ya 145, nao wasema kweli. Lakini baharini hakuna majani, na mtambo uliokamilika wa 435 ni bora kuliko wa 145 uliokwama stoo miaka mitatu kwa kungoja mitungi.

Kuziunganisha redio mbili si kazi kubwa. Redio ya kusikilizia ikipata sauti, hutoa alama ya umeme katika pini moja ya soketi yake. Alama hiyo hupelekwa kwenye ile redio ya pili, mahali pa kitufe cha kusemea, nayo huanza kunena. Waya mwingine hupeleka sauti yenyewe, ukipitia kizungusho kidogo cha kupunguza na kuongeza. Pini zipi, kitabu cha redio husika kitaeleza, usikisie. Katikati huwekwa kidhibiti, ambacho siku hizi huwa ni kompyuta ndogo isiyozidi kidole. Kazi yake ni tatu. Hunyamazisha mtambo ikiwa mtu amekalia kitufe chake kwa bahati mbaya, mathalan baada ya dakika 3. Huacha mtambo wazi kwa nukta moja baada ya msemaji kunyamaza, ili mwenziwe ajue kwamba alifika. Na hutaja jina la mtambo kwa alama za Morse kila baada ya dakika kadhaa, kama leseni inavyotaka. Tena redio ya kusikilizia ipangwe isifunguke ila kwa sauti iliyobeba mlio maalumu wa chini, usiosikika na masikio. Bila ya hivyo kila kelele ya mashine ya boti itaamsha mtambo usiku kucha.

Redio ya gari ilitengenezwa kwa maneno machache machache, si kwa kunena mfululizo. Ikiwa imeandikwa wati 45 usiitumie kwa wati 45. Ipunguze hata 10, na mbele ya mapezi yake weka feni ndogo. Joto ndilo linaloua mitambo mingi, na sanduku lililofungwa chini ya jua la Fumba ni tanuri.

Waya wa kupandia juu ya mlingoti usidharauliwe. Waya mwembamba unaouzwa madukani, ukiwa na urefu wa mita 20, katika megahezi 435 hunywa nguvu nyingi njiani hata katika wati 10 zafika juu 2 tu. Na vile vile sauti inayoshuka hupungua. Waya mnene wa nusu inchi, wa namna ile itumikayo katika minara ya simu, hufikisha wati 8 hivi. Vipande vya waya huo hubaki kila mnara unapobadilishwa, na mwenye mnara akiombwa kwa adabu pengine atatoa. Viungo vyote vizungushiwe utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha utepe mwingine juu yake. Chumvi ya bahari hupenya pasipopenya mchanga, na kiungo kilichoota kutu ya kijani hufanya makelele ambayo hata mitungi bora haiwezi kuyachuja. Misumari na skrubu za chini ya eriali ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Kwa radi, mlingoti hutiwa ardhini kwa utepe wa shaba. Shamba la udongo mweusi hukubali fimbo moja ya shaba; matumbawe ya Fumba hayakubali, maana jiwe kavu halipitishi umeme vizuri, na fimbo yenyewe haipenyi. Basi ziwe fimbo nyingi, zilizounganishwa, na utepe uendelee mpaka mahali penye unyevu, hata ikibidi kuushusha kwenye mchanga wa pwani.

Umeme wa mtambo wenyewe utoke wapi? Ukitoka katika waya wa bahari peke yake, tumefanya kazi bure, maana siku waya utakapokatika na mtambo utanyamaza. Ni lazima betri na jua. Redio mbili zikiwa zimewashwa tu hunywa ampea 0.8, kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 19. Tuseme mtambo hunena jumla ya saa 2 kwa siku, kwa ampea 4. Ni 8 nyingine. Jumla ni 27 kwa siku. Wakati wa masika jua huweza kufichika siku tatu, basi 27 mara 3 ni 81. Na betri ya risasi na asidi ikimalizwa zaidi ya nusu yake hufa upesi, kwa hiyo tunataka ya ampea-saa 160 hivi. Paneli ya jua ya wati 120 hadi 150 itaijaza, pamoja na kidhibiti cha kuzuia kujaza kupita kiasi. Betri zilizotolewa minarani hupatikana kwa bei ndogo, lakini zipimwe kwanza: ijaze, itwike taa ya gari, uhesabu saa. Betri nyingi nzee ni sanduku la risasi tu.

Jambo la sheria nimeliacha hadi sasa, si kwa kuwa ni dogo. Hakuna ruhusa ya kuwasha mtambo huu bila ya leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo pia ndiyo itakayopanga masafa. Alama za wenye leseni nchini huanza kwa 5H. Zamani, kabla ya Muungano wa 1964, za Zanzibar zilianza kwa VQ1 na za Tanganyika kwa VQ3. Redio ya ridhaa haitumiki kwa biashara. Mvuvi hawezi kuuliza bei ya nguru sokoni kwa njia hiyo, na mvuvi asiye na leseni hana ruhusa ya kunena humo siku za kawaida. Chombo chake ni redio ya baharini, ambayo wito wake wa hatari ni chaneli ya 16, katika megahezi 156.8. Lakini sheria za redio za dunia zinasema kwamba aliye katika hatari ya maisha asizuiwe kutumia njia yoyote aliyo nayo. Na mwenye leseni aliye pwani, akiwa na redio zote mbili mezani, aweza kuichukua habari ya huku na kuipeleka kule.

Faida ya watu wa namna hiyo ilionekana katika visiwa vya Andaman vya Uhindi. Mwezi wa Disemba mwaka 2004 mama mmoja wa redio ya ridhaa, Bharathi Prasad, ambaye alama yake ni VU2RBI, alikuwa Port Blair pamoja na wenzake, wakizungumza na dunia kwa kujifurahisha. Tarehe 26 tetemeko la ardhi likaja na tsunami nyuma yake, ile ile iliyofika mpaka pwani yetu ya Afrika. Simu zikakatika. Wale watu wa ridhaa wakaacha michezo yao, wakageuza redio zao kuwa njia ya habari kati ya visiwa na bara, na kupeleka salamu za waliosalimika kwa jamaa zao. Mitambo yao haikununuliwa kwa ajili ya msiba. Ilikuwako tu, imewaka, na wenyewe walijua kuitumia.

Kwa sababu hiyo mtambo ukisimama, utumike kila siku, na wanafunzi wa shule wapate kufundishwa kwa ajili ya mtihani wa leseni. Lakini kabla ya kuutumia upimwe. Pimo la kwanza hufanywa mezani, eriali haijapandishwa, kwa kutia mahali pake kinywaji cha nguvu kisichotoa mawimbi. Pimo la pili ndilo pimo la ukelele: mtu akae mbali na redio ya mkononi, apunguze nguvu mpaka asikike kwa shida. Kisha kinywa cha mtambo kizimwe na kuwashwa, kizimwe na kuwashwa. Kama makelele yanaongezeka kila kinapowashwa, mitungi haijapimwa sawasawa, na kazi irudi nyuma.

Pimo la tatu ni la baharini. Mwenye leseni apande ngalawa asubuhi, maji yakiwa yanatoka, aelekee Kwale, kisha Pungume, na kila baada ya kilomita mbili anene, naye aliye pwani aandike saa, mahali, na namna alivyosikika: vema, kwa makelele, au hakusikika. Siku nyingine wafanye vivyo hivyo kuelekea Chumbe. Palipo na kimya paandikwe pia, hata kama panaonekana karibu, kwa maana nyuma ya kisiwa mawimbi huwa na kivuli. Daftari hilo liwekwe ndani ya sanduku la mtambo, katika mfuko usioingia maji, pamoja na mchoro wa nyaya zote na fyuzi mbili za akiba.